Hodi Darini

Nilikuwa juu ya ngazi, shingo nimeikunja ili kichwa kisiguse dari, nikigonga kwa kifundo cha kidole kama mtu anayebisha hodi kwa jirani usiku. Ko, ko, ko. Sauti ilikuwa tupu, sauti ya debe lisilo kitu. Nikasogeza mkono shubiri moja, nikagonga tena: tupu. Shubiri nyingine, na hapo mlio ukabadilika, ukawa mfupi na mnene, kama mtu aliyekuwa kimya chumbani ameamua kuitika. Chini yangu mjomba alikuwa ameshika ngazi kwa mikono miwili. Aliposikia mlio ule aliinua uso akasema, "Hapo pana mti." Hakusema pana mbao. Mjomba alimalizia ujana wake kwenye vinyago, na kwa mtu wa vinyago mbao haisahau kuwa ilikuwa mti. Gogo la mpingo likiletwa kwake hakulipiga tezo mara moja. Alilizungusha, akaligonga huku na huku, akaliwekea sikio, kwa sababu mpingo uliokomaa mara nyingi huwa na pango moyoni, nje umeshikana kama jiwe na ndani umeoza, na kisu kikishafika kwenye lile pango kazi ya mwezi mzima inakwenda jikoni kuwa kuni.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwaza juu ya kugonga. Tunagonga mlango kuomba ruhusa, tunagonga tikiti sokoni kujua kama limeiva, daktari anagonga kifua kusikia kama mapafu yana maji. Kila mara tunaliuliza umbo la nje habari za ndani, na kila mara jibu linakuja kwa sauti, maana jicho limeishia kwenye ngozi. Dari ya mjomba ilikuwa na ngozi nzuri sana, nyeupe, imepigwa msasa na rangi. Ilikuwa ya jipsamu, na jipsamu ni chaki iliyobanwa kati ya karatasi mbili. Mtu akipita chini yake anaiona nzima, imara, kama mbingu ndogo ya nyumba. Skrubu ukiitia peke yake inaingia kwa urahisi wa kutisha, na kwa urahisi uleule inatoka, imebeba unga mweupe. Chaki hiyo inaweza kujibeba yenyewe na rangi yake, basi. Kinachobeba ni kile kisichoonekana: kenchi, na mbao nyembamba zilizopigiliwa chini yake, gizani, karibu na joto la bati, mahali ambapo mwenye nyumba hafiki tangu fundi aliposhuka na kulipwa.

Nilikuwa nimetoka Masasi asubuhi, na drili na bisibisi vikigongana kwenye begi. Wanaoijua njia ile wanajua ilivyo. Unayaacha majabali ya Masasi yamesimama kila moja peke yake kama wazee waliofika barazani mapema, unapita mashamba ya mikorosho, kisha ardhi inainuka mbele yako, barabara inaanza kujipinda, na hewa inabadilika. Ukifika Newala upo juu ya uwanda wa Makonde. Ukienda ukingoni, pale wanapopaita Shimo la Mungu, nchi inakatika miguuni pako, na huko chini bonde la Ruvuma limelala limejaa ukungu, na ng'ambo ni Msumbiji. Watu wa Newala wameishi vizazi vingi juu ya kitu kilichoinuliwa, wala hawasahau kwamba kilichoinuliwa kina ukingo.

Projekta yenyewe ilikuwa mezani, nyeupe kama yai, kilo tatu na kidogo. Mjomba aliinunua baada ya mnada wa korosho, fedha zilipoingia kupitia chama cha msingi. Wengine fedha ya korosho huinunulia pikipiki, wengine huongeza bati. Yeye alisema amechoka kuwaona vijana wa nyumba yake wameinama kila mmoja na simu yake, kama watu wanaotafuta sindano iliyodondoka. Alitaka wainue vichwa watazame kitu kimoja. Nilimwambia kitu hicho kingeweza kukaa mezani tu, au juu ya kabati. Akatikisa kichwa. Mezani kuna watoto, kuna vikombe vya chai, kuna waya wa kujikwaa, na kuna mtu atakayesimama katikati na kuufunika mwanga kwa mgongo wake. Hoja zake zilikuwa sahihi zote, na mimi nikapanda ngazi. Nilipokuwa juu, nikitazama utosi wa mjomba, na zaidi yake mkeka ambapo watoto wangeketi jioni, ndipo nilipouelewa uzito wa kazi niliyokubali. Kilo tatu zikiwa mezani ni mzigo mwepesi wa mtoto. Zikiwa darini, juu ya kichwa cha mtoto aliyekaa akicheka, ni kitu kingine. Waswahili wanasema aliye juu mngoje chini, na siku zote nimeisikia methali hiyo kama faraja ya mnyonge kwa mwenye kiburi. Pale juu ya ngazi niliisikia upya, kwa sauti ya onyo, maana watakaoketi chini ni watoto wa ukoo wangu.

Ule mti ulioitika mara ya kwanza ulitudanganya. Nilipenyeza ncha ya bisibisi kwenye tundu dogo, nikahisi inazama pasipo kusukumwa, na nilipoichomoa ikatoka na vumbi laini la rangi ya udongo. Mchwa. Walikuwa wamekula mbao yote wakaacha ganda, na ganda lile bado lilikuwa na mlio wa mti, kiasi cha kumdanganya hata mjomba. Kikulacho ki nguoni mwako, na nyumba nayo huliwa na kilicho ndani ya nguo zake. Tulisogea mita moja nyuma. Safari hii tulifungua kipande cha dari karibu na ukuta, nikapenya na tochi nikaiona kenchi kwa macho, nikaichoma, nikaikwangua. Ilikuwa nzima. Tukakata ubao mpana, tukaulaza kutoka kenchi moja hadi ya pili, tukaufunga kwa bolti zilizopenya upande wa pili zikapata nati na bamba la chuma. Breketi ikashikwa na ubao huo, jipsamu ikiwa katikati kama nguo tu. Kisha tukaongeza waya mwembamba wa chuma uliosokotwa, umefungwa kwenye mwili wa projekta upande mmoja, na upande wa pili kwenye kenchi nyingine kabisa, isiyobeba breketi. Kazi ya waya ule ni moja: siku kila kitu kitakaposhindwa, yeye atakuwepo. Mwaka wa kwanza hautafanya kazi, wa pili hautafanya kazi, huenda hautafanya kazi mpaka nyumba ibomolewe. Nimewajua watu wa namna hiyo katika ukoo, wanaokaa pembeni ya kila harusi na kila msiba, hawaitwi mbele, na hakuna anayejua wanashikilia nini.

Hata hivyo hatukuitundika siku hiyo. Mjomba alileta ndoo ya lita 20, akaijaza maji, tukaifunga kwa kamba kwenye breketi na kuiacha ining'inie usiku kucha, chini yake hakuna mkeka wala mtu. Lita 20 ni kilo 20, mara sita ya projekta. Kama breketi itavumilia maji mpaka alfajiri, itavumilia picha. Nilichora kwa penseli mahali chuma kilipokutana na dari, ili asubuhi tuone kama kimeshuka hata unywele. Bibi alipopita sebuleni na taa yake alisimama akaitazama ndoo ile inayoning'inia gizani, akaniambia, "Maji hayatundikwi, mjukuu wangu. Maji hufunikwa." Sikuwa na jibu la haraka. Uwanda huu ni wa mchanga, hunywa mvua yote usiache kijito juu yake. Maji yapo chini, mabondeni, na kabla ya mradi wa maji wa Makonde ulioanza miaka ya 1950 kuyapandisha kwa mashine, yalipanda juu ya vichwa vya wanawake, usiku wa manane, kwa njia zinazoporomoka. Bibi alikuwa mmoja wao. Aliujua uzito wa maji kwa shingo yake kabla sijazaliwa mimi wala mama yangu, na katika maisha yake yote hakuna aliyemwonyesha ubao uliolazwa kati ya kenchi mbili ili mzigo ugawanyike. Usiku huo sikulala vizuri. Nilisikia kila mlio wa bati likipoa, na kila mlio niliufananisha na kamba. Alfajiri nilikwenda na tochi: maji yametulia, kioo kitupu, na mstari wa penseli pale pale.

Mwanga ni mwepesi kuliko maji, na labda ndiyo maana tunasahau kuwa nao unaumiza. Nilipoiwasha projekta kwa mara ya kwanza, bado ikiwa mezani, mtoto wa mwisho wa nyumba ile aliinama achungulie ndani ya lenzi, kama vile watoto wote duniani wanavyochungulia kila tundu. Nilimvuta kwa ukali nilioujutia baadaye. Lakini macho hayana pazia. Kope hufumba kwa vumbi na kwa kofi, na kwa mwanga mkali huchelewa, na kilichoungua nyuma ya jicho hakina mganga. Nilimkalisha nikamkumbusha habari ya jua, ile ya Septemba 1, 2016, ambayo yeye alisimuliwa tu. Siku ile watu walimiminika Rujewa, mkoani Mbeya, kwenda kuliona jua likibaki pete, na huku kusini nako mwezi ulilifunika sehemu kubwa mpaka mchana ukawa na rangi ya shaba. Waliokuwa chini ya mikorosho waliona kitu ambacho hawakukitafuta. Mchangani, kila doa la mwanga lililopenya kati ya majani lilikuwa limegeuka hilali. Hilali mia, hilali elfu, zinacheza upepo ukipita. Mkorosho ulikuwa umeigeuza kila nafasi kati ya majani yake kuwa lenzi, na ardhi kuwa kitambaa. Aliyeinama aliliona jua salama. Aliyelikodolea macho alikuwa hatarini.

Siri hiyo ya tundu na giza aliiandika Ibn al-Haytham kule Cairo miaka elfu iliyopita, alipoeleza kwamba jicho halitoi mwanga wa kwenda kuvikamata vitu, ila hupokea mwanga unaotoka kwenye vitu. Nakipenda kitabu chake alimoyaandika hayo kwa unyenyekevu wake. Kinamwambia mtu kwamba kutazama ni kuupokea ulimwengu mlangoni, na kwamba anayetaka kuona vizuri akae mahali sahihi na asubiri. Ndani ya ile projekta ya mjomba, mashine ya zama zetu, kuna kidude cha ukubwa wa stempu kilichopangwa vioo vidogo mno, vinne au vitano kwenye upana wa unywele mmoja, mamia ya maelfu, na kila kioo huinama na kuinuka maelfu ya mara kwa sekunde, kikiutuma mwanga ukutani au kuuzuia. Aliyekibuni ni Larry Hornbeck, Mmarekani, mwaka 1987. Nikifikiria vioo vile nauona mkorosho ukitikiswa na upepo. Ni majani yaleyale, ila sasa kila jani lina amri yake.

Lakini kabla ya vioo hivyo, na mbali na Cairo, juu ya uwanda huu palikuwa na namna nyingine ya kumwonyesha mtu asiyekuwepo. Nazungumzia mapiko. Kinyago kilichochongwa kwa mti mwepesi kinavikwa kichwani kama kofia nzito, mwili umefunikwa nguo hata kidole kisionekane, na mchezaji anaona njia yake kupitia mdomo wa kinyago. Waliokuwa hawajaingia jandoni waliambiwa ni marehemu aliyerudi. Uwanja mzima unageuza uso upande mmoja, unarudi nyuma, unasogea tena. Hakuna anayeuliza nani yumo, na hata anayejua hasemi. Nimeona mara nyingi jinsi watu wanavyoketi mbele ya picha ya projekta, na nakiri nimeona heshima ileile. Mwanga unatoka kwenye mdomo mmoja, nyuma na juu yao, wao wameupa mgongo, na mbele yao waliokufa wanacheka, wanakula, wanatembea kwa mwendo wao. Mwaka 1659 Mholanzi Christiaan Huygens, katika michoro yake ya mwanzo kabisa ya picha za kuoneshwa kwa taa na lenzi, alichora kiunzi cha mifupa kinachokivua kichwa chake na kukirudisha. Katika mambo yote ya dunia alianza na mfu anayecheza. Mzee wa Kimakonde angemwelewa bila mkalimani.

Hapa ndipo tafakari yangu inaponiuma. Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu kutoka jumba la makumbusho la Leipzig, alishuka Lindi na kupanda bara. Moshi wa vita vya Majimaji ulikuwa haujatawanyika. Misheni ya Masasi ilikuwa imechomwa mwaka uliotangulia. Alikaa Masasi, Chingulungulu, Newala, Mahuta, na katika mizigo iliyobebwa na wapagazi wake mlikuwemo fonografu ya kunasia sauti na mashine ya kunasia picha zinazotembea. Alinasa ngoma. Alinasa nyimbo. Watu wa uwanda huu, ambao vita vilikuwa vimewapitia karibu, walicheza mbele ya tundu la kioo wakati sehemu kubwa ya dunia ilikuwa haijawahi kuiona sinema. Sauti inaweza kurudishwa papo hapo, mtu akajisikia. Picha lazima isafishwe kwanza, na picha zile zilisafiri kwenda Ujerumani. Ukutani kwa nani zilimulikwa? Kwa macho ya nani? Hao waliocheza, vumbi likiwapanda magotini, walitoa miili yao kwa mwanga, na mwanga ukaondoka nao baharini.

Haikuwa mara ya kwanza wala ya mwisho. Livingstone, ambaye mwaka 1866 alitoka Mikindani akaufuata mto Ruvuma, chini ya uwanda wetu, miaka kumi na miwili kabla ya hapo alikuwa amewasha taa yake ya picha kwa chifu Shinte, mbali magharibi, katika nchi ya Walunda. Picha ya kwanza ilikuwa Ibrahimu na kisu juu ya mwanawe. Kioo kilipovutwa, kisu kikaonekana kinawajia watazamaji, na wanawake wakakimbia. Hadithi hiyo imesimuliwa kwa kicheko kwa zaidi ya karne moja na nusu, na mimi sijawahi kuona kinachochekesha. Mgeni amekuja gizani na mwanga ambao chanzo chake hukijui, anakuonyesha baba anayetaka kumchinja mtoto. Kukimbia kulikuwa busara. Baadaye, kati ya 1935 na 1937, Waingereza waliweka kambi ya majaribio ya sinema Vugiri, milima ya Usambara, wakatengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika na kuzizungusha kwa lori. Miaka ya mwanzo ya 1950 tukaanza kujiona kidogo: Rashidi Kawawa, kabla hajawa Waziri Mkuu, aliigiza katika Muhogo Mchungu. Hata hivyo jenereta, shuka jeupe na mkono uliouelekeza mwanga vilikuwa vya serikali ya kikoloni. Gari la sinema lilifika jioni likaondoka alfajiri, na uwanja ukabaki na alama za matairi.

Televisheni Tanzania Bara tuliisubiri hadi 1994. Kisha vikaja vibanda umiza vya kuoneshea video, joto na jasho na mabenchi ya mbao, na sauti ya Lufufu, mtafsiri wa filamu, ikiwavika wageni maneno yetu, ikiwafanya wazungumze kama watu wa Kariakoo. Nilivipenda vibanda vile kwa moyo wote. Lakini hata pale tulilipia tukaketi, na kilichokuwa kinaning'inia juu yetu, waya wazi na televisheni iliyopandishwa juu ya kabati bovu, hatukukiuliza. Mtazamaji haulizi. Ameketi kwa imani. Na hiki ndicho kilichonikamata pale juu ya ngazi kwa mjomba: kwa mara ya kwanza katika historia ndefu hiyo ya mianga iliyokuja na kuondoka, mkono unaotundika ulikuwa wetu, dari ni yetu, na vichwa vilivyo chini ni vyetu. Hapakuwa na mgeni wa kulaumiwa. Kama bolti ingelegea, ingekuwa imelegezwa na haraka yangu mwenyewe.

Jioni ya pili tuliitundika. Projekta ya darini hukaa miguu juu, kwa hiyo kwanza maneno yote yalitokea ukutani kichwa chini, na watoto wakapinda shingo kuyasoma, mpaka nilipoiamuru ijigeuze. Tuliipandisha kiasi cha mita tatu kutoka ukutani, na kwa mashine ile mita tatu zinatoa picha ya upana wa mita mbili. Mjomba alitaka iwe kubwa zaidi, nikamweleza kwamba ukiirudisha nyuma mara mbili ya umbali, mwanga uleule unatandazwa kwenye eneo mara nne, unakuwa uji wa maji mengi. Akaridhika. Nilipoiinamisha kidogo, picha ikapanuka chini kama gauni. Mashine ina namna yake ya kuinyoosha picha kama hiyo, lakini huinyoosha kwa kuipunguza, inakata pembeni na kutupa. Nikaona heri kupanda tena ngazi, nikaiweka pima maji juu ya breketi, nikakaza, nikalegeza, mpaka kona nne zikakaa zenyewe.

Mjomba alichomeka simu ya mwanawe. Zilikuwa video za Desemba, vijana wakirudi kutoka jando, nguo mpya, kina mama wakipiga vigelegele na kuwarushia mchele na sarafu. Bibi aliketi mbele kabisa, mkono kwenye shavu, na alipojiona mwenyewe ukutani akicheza, mkubwa kama mlango, alinyamaza kwa muda kisha akasema tu, "Kumbe mguu huu bado unainuka." Picha zikapita, moja, mbili, tano. Kisha ikaanza nyingine, iliyochukuliwa na kijana mmoja mapema zaidi, kutoka upande ambao simu haikupaswa kuwepo. Sekunde mbili au tatu tu: majani, kona ya kibanda, mgongo wa mzee. Mjomba aliinuka akasimama mbele ya mwanga, picha ikamvaa kifuani, majani yakacheza juu ya shati lake. "Hiyo hapana," alisema. Hakupandisha sauti. Kijana akaifuta pale pale, mbele ya wote, na hakuna aliyeuliza ilikuwa nini. Nilimtazama mjomba, mtu mmoja kati ya taa na ukuta, akiwa ameuzuia mwanga kwa mwili wake, na nikawakumbuka wale wa 1906 ambao hakuna aliyesimama mbele ya tundu lile kwa niaba yao.

Tuliendelea hadi saa tano. Katika mwale uliokuwa unapita juu ya vichwa vyetu niliona vumbi likielea, punje kwa punje, nyingine nyekundu ya barabara, na nyingine, naamini, ya salfa. Miezi ya kupuliza mikorosho dhidi ya ubwiriunga, ule unga wa njano huingia hata kwenye unga wa ugali, na utaingia kwenye tundu za feni pia. Nimemwambia mjomba afungue kichujio kila mwezi, akipige taratibu nje ya nyumba, na msimu wa salfa aifunike mashine kwa kitambaa ikiwa imezimwa na imepoa. Nimemwekea na betri ya akiba kati yake na soketi, kwa sababu umeme wetu haugongi mlango unapoondoka, na taa iliyo ndani ikikatiwa feni ghafla hupikika kwa moto wake yenyewe. Taa ya aina ile ina zebaki ndani yake, na ikipasuka ni kufungua madirisha na kutoka nje wote. Alisikiliza kila neno kama mtu anayepokea maelekezo ya dawa ya mtoto.

Alipobonyeza kitufe cha kuzima, ukuta ukarudi kuwa ukuta. Mpwa mmoja akanyoosha mkono kwenye soketi achomoe waya, na mjomba akamshika kifundo. Juu yetu gizani feni ilikuwa bado inazunguka, inalitoa joto nje kidogo kidogo. "Mwache apumue kwanza," akasema. Watoto wawili walikuwa wamelala mkekani, chini kabisa ya breketi, na hakuna aliyewasogeza. Tulikaa tukisikiliza. Feni ikapunguza, ikasitasita, ikanyamaza. Mjomba akangoja kidogo tena, kisha akachomoa waya, na bibi akauliza nani amefunika maji.